Kuisoma insulini kwa mashine ya sukari na daftari la shule

Bi mkubwa wangu, yaani mama, ana kisukari na alianzishiwa insulini mwaka juzi. Siku ile tulirudi nyumbani na mfuko una vichupa viwili, mabomba ya sindano, mashine ya kupimia sukari na boksi moja la stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu. Nesi alituelekeza vizuri tu ila nyuma yetu kulikuwa na foleni ndefu, unakaa pale unaitikia ndio ndio, ukifika Mbagala hukumbuki hata nusu. Haya ninayoandika ndo ningetaka mtu aniambie siku ile. Dozi ya mtu sitaji, hiyo ni kazi ya daktari wako anayekujua, mi nataka tuielewe hii dawa inafanya nini mwilini ili ukiona namba kwenye mashine ujue imetoka wapi.

Chukua kijiko kidogo cha chai, weka sukari, gramu 4 au 5 hivi. Hiyo ndo sukari yote inayozunguka kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya, lita 5 za damu na kijiko kimoja tu. Sasa soda moja ya chupa ina vijiko kama 8, na sahani ya wali uliojaa ikishasagwa tumboni inatoa vijiko vya kukaribia 20, kwa hiyo mtu akila mchana mwili unapokea mzigo mara ishirini ya unaotakiwa kuwa barabarani na ndani ya masaa mawili matatu uwe umeshaupeleka sehemu nyingine. Anayeupanga huo mzigo ni insulini.

Inatengenezwa kwenye kongosho, kiungo kimelala nyuma ya tumbo, ndani yake kuna vikundi vidogo vya seli ambavyo Mjerumani Paul Langerhans aliviona mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi, na hakujua vina kazi gani. Humo ndo kuna seli za beta. Ukila, sukari ya damu inaanza kupanda, beta zinaonja, zinamwaga insulini, na insulini inatembea na amri tatu. Kwa misuli na mafuta inasema fungueni milango sukari iingie. Kwa ini inasema acha kutoa sukari, anza kuweka akiba. Kwa mafuta yaliyohifadhiwa inasema tulieni, msiyeyuke, chakula kipo. Sukari ikishuka beta zinapunguza, na insulini yenyewe ndani ya damu inaisha kwa dakika chache tu. Shika hilo la dakika chache maana nitalirudia.

Ini ndo watu tunalisahau kabisa. Tunadhani sukari inatoka kwenye sahani tu. Ini lina akiba ya gramu 100 hivi, misuli kama 400, lakini hii ya misuli usiihesabu, misuli ni kama mpangaji mwenye friji yake chumbani na kufuli juu, kilichoingia humo ni chake. Ini ni stoo ya nyumba nzima. Usiku umelala hujala kitu, ubongo haujalala, unataka sukari yake, basi ini linatoa kidogo kidogo mpaka asubuhi, na insulini kiasi kidogo ndo inalizuia lisitoe kupita kiasi. Insulini ikiwa haipo, au ipo ini halisikii, ini linaamini nyumba ina njaa na linaendelea kumwaga. Ndo maana bi mkubwa alikuwa anaamka na sukari ya juu, 11 (kwa kipimo cha mmol/L), na jana yake usiku kanywa uji tu kikombe kimoja, na mimi nikawa namshuku kwamba anaamka usiku kula maandazi. Nilimwomba radhi baadaye. Na kuelekea alfajiri kuna homoni za kumuamsha mtu ambazo nazo zinaliambia ini toa, kwa hiyo namba ya asubuhi wengi inawapanda bila kosa lolote.

Kwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza kinga ya mwili yenyewe imeshambulia zile beta mpaka karibu zote zimekufa, inawapata sana watoto na vijana ingawa mkubwa naye anaweza kupata. Hawa insulini kwao ni kama hewa. Aina ya pili, ambayo ndo ya wengi wetu na ndo ya mama, insulini ipo ila misuli na ini zimekuwa sugu, kongosho linapiga ovataimu miaka na miaka kufidia, mwisho beta zinachoka. Kuna na ile ya mimba, homoni za kondo zinaipinga insulini, wengi inaisha wakijifungua lakini inaacha hatari ya aina ya pili mbele ya safari, kwa hiyo dada usiseme imepona ukasahau kupima.

Sukari ikizidi kama 10 kwenye damu figo zinashindwa kuirudisha yote, inatoka na mkojo na inavuta maji, mtu anakojoa sana, kiu haiishi, wengine wanashtuliwa na sisimizi chooni. Na kwa sababu ile amri ya tatu haipo tena mafuta yanayeyuka ovyo, mtu anakonda huku anakula. Mtoto akianza kunywa maji kama hana akili nzuri, kakojoa kitandani wakati alishaacha, anapungua, usikubali kuambiwa ni UTI au malaria kabla hajatobolewa kidole akapimwa sukari. Siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu. Mafuta yakiyeyuka sana yanatoa asidi zinazoitwa ketoni, pumzi inanukia kama tunda lililoiva kupitiliza, anatapika, anahema kwa nguvu, hapo unakimbia hospitali.

Sasa kuna lile neno la mtaani, ukishachomwa insulini ndo basi tena umefika mwisho. Mama aliambiwa na watu watatu tofauti ndani ya wiki moja, mmoja akiwa kamletea na unga wa mlonge. Mwaka 1922 mwezi wa kwanza pale Toronto kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa insulini ya kwanza, kabla ya hapo dawa ya mtoto mwenye aina ya kwanza ilikuwa kunyimwa chakula ili asogeze siku. Sindano ya kwanza ilikuwa na uchafu mwingi ikamletea mzio, wakaenda kuisafisha, ya pili siku kumi na mbili baadaye ikafanya kazi. Waliokuwa kwenye kazi ile ya kuigundua, daktari Banting hakutaka hata jina lake liwe kwenye hati ya haki za ugunduzi, wenzake waliuza haki zao kwa chuo kikuu kwa dola moja moja, na ukienda duka la dawa leo ukaulizia bei utacheka kwa uchungu. Hoja yangu ni kwamba insulini ni kitu mwili ulikuwa unajitengenezea wenyewe, kongosho likichoka unaliongezea, hamna adhabu hapo.

Haya, mashine. Kosa letu la mwanzo lilikuwa kupima kila asubuhi tu na kuandika namba, mwisho wa mwezi tuna namba thelathini zisizotuambia chochote. Stripu ni ghali, kwa hiyo zitumie kwa jozi. Chagua mlo mmoja, pima kabla hujaanza kula, andika, alafu hesabu masaa mawili tangu tonge la kwanza, pima tena, na pembeni andika ulikula nini na kiasi gani. Hiyo tofauti kati ya namba mbili ndo hadithi ya insulini yako na hicho chakula. Wengi wanaoishi na sukari wanaambiwa walenge 4 mpaka 7 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya masaa mawili, ila mzee sana au mwenye maradhi mengine daktari anaweza kumlegezea, uliza yako. Na kama mashine inakuonyesha 126 au 180 usizimie, hiyo inasoma kwa kipimo kingine, mg/dL, gawanya kwa 18 utapata hizi zetu za mmol/L, 126 ni 7 na 180 ni 10.

Kwenye daftari la mama kuna Jumatatu moja, ugali wa sembe sahani ya kawaida na dagaa, kabla 6.8, baada 13.1. Jumatano ugali nusu, maharage na mchicha mwingi, alianza na maharage na mchicha ugali ukafuata, kabla 7.1, baada 9.6. Hakuna aliyemhubiria baada ya hapo, aliona mwenyewe. Ila badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukipunguza ugali na ukatembea na ukabadili saa ya sindano siku hiyohiyo hutajua kipi kimekusaidia. Na hapo sisi wenyewe tulikosea, tulibadili kiasi na mboga pamoja, ikabidi turudie wiki ya pili. Kutembea nako kupatie jozi yake ya vipimo: dakika 20 baada ya chakula cha usiku, hata kuzunguka nyumba, kwa sababu misuli ikifanya kazi inafungua milango yenyewe hata insulini ikiwa chache, ni kama inatokea mlango wa uani.

Kabla ya kutoboa nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha. Siku moja mama kapima ikaja 17.4, tukaangaliana, nishaanza kutafuta namba ya bajaji, alafu nikaona ganda la embe kwenye sinia. Alikuwa ametoka kumenya embe dodo. Akanawa, kidole kingine, 8.2. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, sio katikati pale panauma, na badilisha vidole.

Sindano yenyewe. Ya mama ni ile ya mchanganyiko, sehemu 30 ya haraka na 70 ya taratibu, ina rangi ya maziwa na ikikaa inatengana, chini unga juu maji. Izungushe kati ya viganja mara kumi na zaidi mpaka iwe maziwa matupu, usiitikise kama chupa ya juisi inajaa povu. Ukiizungusha na bado ina mabonge au vipande vimeganda kwenye ukuta wa kichupa, itupe. Ile ya haraka peke yake inatakiwa iwe safi kama maji, ikiwa na ukungu usitumie. Alafu vuta hewa kwenye bomba kiasi sawa na dozi yako, isukume ndani ya kichupa, pindua kichwa chini, vuta dawa, gonga mapovu yapande uyarudishe, na soma mstari ukiwa umeuinua usawa wa macho. Hapa pana mtego: bomba la uniti 100 kila kamstari kadogo ni uniti 2, bomba la uniti 50 kila kamstari ni 1. Duka likikupa la aina nyingine na we ukahesabu vimistari kwa mazoea umejipiga nusu au mara mbili. Sisi tunasoma namba kwa sauti, watu wawili, kila siku, hata kama inaonekana ya kitoto.

Choma kwenye tumbo vidole viwili mbali na kitovu, au paja upande wa nje juu, au matako. Mwembamba abane ngozi kidogo. Ukishasukuma hesabu mpaka kumi polepole ndo uchomoe, usisugue. Na hama, leo kulia kesho kushoto, sogea upana wa kidole kila mara, kwa sababu ukichoma palepale mwaka mzima panatengeneza nundu la mafuta, halina maumivu ndo maana watu wanalipenda, na insulini ikiingia humo inanyonywa inavyotaka yenyewe, leo sukari 5 kesho 15 na dozi ni ileile. Ukiona namba zinaruka hivyo papasa tumbo kwanza kabla ya kulaumu wali. Sindano zilizotumika weka kwenye dumu gumu lenye kifuniko, sio kwenye mfuko wa taka, fikiria anayepita kuokota makopo.

Narudi kwenye zile dakika chache. Insulini ya kongosho ikizidi, kongosho linafunga bomba na iliyobaki inaisha haraka. Uliyojichoma huwezi kuirudisha, ikishaingia itafanya kazi kwa masaa yake iwe umekula au hujala. Huo mchanganyiko unachomwa nusu saa kabla ya chakula, na sisi siku moja tulichoma, wali uko jikoni unatokota, gesi ikaisha. Nikatoka kutafuta mtungi, duka la karibu hawana, nikaenda la pili. Narudi namkuta mama kakaa kwenye kiti jasho linamtoka mpaka kanga imelowa, mikono inatetemeka, na ananijibu kwa ukali wa ajabu ambao sio wake kabisa. Pima, 3.1.

Chini ya 4 haujadiliani. Vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji nusu glasi, au soda nusu chupa ile ya sukari ya kweli sio ya dayati, subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikishapanda ale chakula chenyewe maana insulini bado iko kazini. Usimpe chokoleti wala maziwa kwanza, mafuta yanachelewesha. Huna mashine karibu na dalili ziko hivyo, mpe sukari tu, ikiwa ni kosa namba itapanda kidogo, ukikosea upande wa pili unaweza kumpoteza. Na akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Tangu siku ile sheria ya nyumbani kwetu ni sindano haichomwi mpaka chakula kinaonekana kwa macho kimeiva au kinakaribia kuiva, na kopo la sukari halitoki mezani hata wageni wakija.

Kuhifadhi ni rahisi kuliko wanavyotisha. Vichupa ambavyo havijafunguliwa friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mlangoni au katikati, mbali na barafu kwa sababu ikiganda imekufa hata ukiiyeyusha ikaonekana nzima. Kinachotumika kinaweza kukaa nje pasipo jua wala joto kali, wiki nne hivi, soma karatasi ya ndani, andika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye lebo. Friji huna au umeme ni wa kubahatisha? Mtungi wa udongo wa bibi, chini mchanga mbichi, vichupa ndani ya kopo lisiloingiza maji, kivulini penye upepo. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la kwenye nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, linacheza 25 mpaka 37, wakaiga joto hilo maabara kwa wiki nne na insulini ikabaki na nguvu yake karibu yote, walitoa matokeo 2021. Kwa hiyo usiache dawa eti kwa kuwa huna friji. Ila kwenye dashibodi ya gari au dirishani hapana.

Ukiumwa, homa, kuharisha, kutapika, watu wanaacha sindano kwa sababu hawajala. Kumbuka ini. Homa inaleta homoni zinazopingana na insulini, ini linamwaga, sukari inapanda na tumbo tupu. Mwenye aina ya kwanza haachi kabisa insulini yake ya msingi, ile ya taratibu, wengine piga simu kliniki wakwambie upunguze kiasi gani, pima kila masaa machache, kunywa maji. Na Ramadhani usianze funga na dozi zilezile, nenda kwa daktari mapema mwezi mmoja au miwili kabla kwa sababu saa za chakula zimegeuka, kubwa ni futari sio mchana, kwa hiyo na dozi zinageuka. Kutoboa kidole masheikh wengi wanasema hakuharibu funga, basi pima. Ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6 fungua, saa yoyote hata kama imebaki nusu saa adhana.

Daftari la mama sasa liko la tatu, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Zamani nilikuwa namwandikia, siku hizi hataki, anaandika mwenyewe kwa penseli. Juzi nimefungua nikakuta: kabla 6.4, baada 9.1, na pembeni herufi zake kubwa, pilau la msibani nusu sahani, soda nimekataa, nimerudi kwa miguu.